Mgeni wa Kampielo

Stamatis alikuwa fundi mashine wa meli za mizigo kwa miaka mingi, kiasi kwamba bandari za Chile alizijua vizuri kuliko mtaa alikooa. Alipostaafu alirudi kisiwani Korfu, Ugiriki, kwa mkewe, Diamantina, aliyekaa ghorofa ya nne huko Kampielo. Ni mtaa mkongwe kuliko yote mjini, na vichochoro vyake ni vyembamba hata nguo za nyumba hii hukaukia dirishani kwa nyumba ile. Zamani, akija likizo, alikuwa na njia moja tu: kwenda mkahawa wa bandarini, na kurudi.

Wiki ya tatu Diamantina alichoka kumwona akizunguka sebuleni na kugusagusa kila kitu.

"Mume wangu, kanichukulie viatu kwa Memas, fundi viatu. Shuka ngazi, pita palipokuwa na duka la mkaa, ukiona mlango uliozibwa kata kushoto."

"Palipokuwa na duka?"

"Nenda bwana, kila mtu anapajua."

Duka la mkaa halikuwepo, na milango iliyozibwa ilikuwa mingi. Kichochoro kilimpeleka kwenye ngazi, ngazi zikampeleka chini ya tao, na tao likamtema kwenye kiwanja chenye kisima cha mawe. Mahali fulani mtu alikuwa akijifunza tarumbeta, akikosea palepale kila mara. Stamatis akajaribu kuishika sauti hiyo kama dira, lakini kuta zilikuwa zikirushiana mlio, na baada ya muda akajikuta yuko kisimani tena. Kuuliza aliona haya. Alikuwa amevuka bahari zote, leo apotee nyuma ya nyumba yake?

Dirisha la kijani likafunguka juu, kikongwe akachungulia, akamsemesha Kiingereza kama mtalii.

"Mama, mimi ni wa hapa hapa," Stamatis alimjibu kwa Kigiriki.

"Wa hapa hapa, mbona nimekuona ukipita kama mbuzi aliyekata kamba? Wewe wa nani?"

"Mume wa Diamantina."

"Hee! Kumbe upo kweli! Sisi tulidhani amekubuni." Kikongwe akacheka mpaka akashika kizingiti. "Mimi Loukia. Unatafuta nini?"

"Viatu vyake, kwa Memas."

"Vile vya mguu mfupi?"

"Mguu mfupi gani?"

Kicheko kikakatika. Bi Loukia alitazama kichochoro mpaka mwisho wake, kama aliyetamani mtu mwingine atokee ajibu badala yake.

"Mwanangu," alisema taratibu, "ngazi ulizoshuka sasa hivi, mkeo alianguka hapo mwaka ule wa mvua nyingi. Nyonga ilivunjika. Memas aling'oa mlango wa duka lake, tukambeba juu yake mpaka kwenye gari, maana huku gari haliingii. Msimu mzima tulipokezana kumpikia. Akatuapisha, asikuandikie mtu."

Kisha akamwelekeza kwa kidole. Duka lilikuwa hatua chache tu kutoka pale.

Memas alimpa viatu. Stamatis akavigeuza mkononi: soli ya kushoto ilikuwa nene kuliko ya kulia. Alikuwa ameiona namna mkewe anavyochechemea. Alikuwa ameiita uzee, na mara moja hata ameifanyia mzaha.

Nyumbani aliviweka mezani, akabaki amesimama.

"Nimeonana na Loukia."

Diamantina aliacha kumenya viazi. "Ana mdomo yule."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungefanya nini? Ungeruka kutoka melini uogelee?"

"Ningejua."

"Ungejua, halafu tungekuwa wawili wa kuumia, mmoja wetu akiwa peke yake kwenye maji. Mimi sikuwa peke yangu, Stamatis."

Neno hilo alilisema bila uchungu, na ndiyo maana lilimchoma. Akavuta kiti, akakaa, akachukua kisu cha pili. Wakamenya viazi vyote.

Jioni Diamantina alivaa viatu. "Nakwenda kucheza karata kwa akina Loukia. Kila siku naenda."

"Nikusindikize?"

Alimtazama kidogo. "Njoo. Ila wakikutania, usinune."

Kichochoroni Stamatis akamshika mkono wa kushoto. Mkewe akajinasua.

"Huko siegemei mtu, unanipotezea mizani. Hamia huku."

Akahamia kulia. Walikwenda polepole. Kila baada ya milango miwili mitatu mtu alimsalimu Diamantina kwa jina, na yeye akasema, "Huyu ndiye mume wangu," na Stamatis akavua kofia kama mgeni anayetambulishwa ukweni.