Kisanduku cha Ukurasa wa Pili

Mwamba ngoma huvutia kwake. Mkutubi alipowapelekea wahadhiri fomu ya kupanga mali za maktaba kwa thamani, wa sheria alitanguliza vitabu, wa kemia majarida ya kwenye kompyuta, wa jiografia ramani. Magazeti ya zamani, majalada makubwa yaliyojaza chumba kizima, hayakupata mtetezi. Mhadhiri wa mambo ya mito aliandika kabisa pembeni: "Hayana thamani." Ikaamuliwa lori lije Ijumaa saa sita mchana, liyapeleke kiwandani yakasagwe.

Mkutubi, ambaye wanafunzi walimwita Bi Vumbi naye akijifanya hajui, aliumia sana. Miaka ishirini na sita alikuwa akiyapangusa. Alilalamika mara mbili, akajibiwa kwamba wengi wape.

Ijumaa saa nne, yule yule wa mito akatokea mlangoni na boksi la chupa.

"Habari za asubuhi, mama. Nahamisha maabara. Naomba magazeti mawili matatu ya kufungia hizi chupa, si yanaondoka?"

Mkutubi alimeza hasira, akalibwaga jalada mezani.

"Chukua, Daktari. Lakini uchane mwenyewe. Mkono wangu hauchani."

Mhadhiri akashika ukurasa wa pili kwa vidole viwili. Hakuchana. Pembeni, chini ya tangazo la sabuni, palikuwa na kisanduku kidogo: Kina cha mto darajani asubuhi hii, futi saba na inchi mbili. Akafunua gazeti la kesho yake. Futi saba na inchi nne.

"Mama," alisema polepole, "hii iko kila siku?"

"Sijui."

Na kweli hakujua. Yeye alipenda kurasa za mbele, picha na vichwa vya habari. Kisanduku kile kilikuwa kimempita miaka yote hiyo, akaona aibu.

Mhadhiri akamweleza kwamba madaftari ya vipimo vya mto yalisombwa na mafuriko makubwa, na yeye ametafuta nakala miaka kumi na moja bila mafanikio. Wakashusha jalada jingine, na jingine. Kisanduku kilikuwepo kila siku, miaka arobaini mfululizo.

Saa sita honi ikalia. Dereva akapanda ngazi, akawakuta wamekaa sakafuni kama watoto.

"Jamani, mzigo uko wapi?"

"Hakuna mzigo," alisema mhadhiri bila kuinua kichwa. "Mwambie Mkuu wa chuo nakuja kwake mwenyewe. Mwambie ni yule aliyeandika hayana thamani."

Dereva akawatazama, akashuka zake.

Wakafika wiki ya mafuriko. Mkutubi alisoma kwa sauti, mhadhiri akaandika. Futi kumi na tisa. Futi ishirini na tatu. Siku iliyofuata kisanduku kilisema: Kipimo kimezama, hakionekani.

Mkutubi akafunua ukurasa wa kesho yake taratibu, akijua hautakuwa na kitu, maana nani angekwenda tena darajani katika maji yale?

Palikuwa na namba.

"Futi ishirini na sita," alisoma. "Imepimwa kwa kamba."

Mhadhiri akaweka kalamu chini, akavua miwani.