Mama Mkwe Juu ya Pikipiki

Mimi ni fundi cherehani, na naomba hili lieleweke mapema: sijawahi kumshonea mtu nguo ikapwaya. Nguo yangu inakaa mwilini. Wanaosema inabana ni watu walionenepa baada ya kupimwa, halafu lawama wanamtupia fundi. Mama mkwe wangu ni mmoja wao.

Miaka sita iliyopita nilimshonea gauni la harusi ya mwanawe wa mwisho. Lilimkaa, jamani, we acha tu! Kasoro yake ilikuwa moja: akilivaa hawezi kukaa. Alisimama tangu hotuba ya kwanza hadi ya mwisho, mkono mmoja ukutani, na kila aliyemletea kiti alimwambia asante, leo miguu inataka kunyooka. Hakunigombeza hata kidogo. Ila tangu siku hiyo nguo zake zinashonwa na fundi mwingine, mtaa wa pili tu kutoka kwetu. Akija kututembelea anapita mbele ya cherehani yangu, kitambaa kwapani, ananisalimia vizuri kabisa, kisha huyoo anaendelea na safari. Mnaijua hasira ya namna hiyo? Bora angenitukana.

Basi alikuwepo kwetu Ijumaa ile mke wangu aliporudi kazini amenuna. Mke wangu ni nesi. Kila Jumatatu anafunga sanduku la chanjo nyuma ya pikipiki yake na kwenda zahanati ya mbali, kule lami isikofika, na njia hiyo aliipigania miaka miwili mpaka akapewa. Sasa cheni ilikuwa imelegea, inapiga kelele na kuruka kwenye meno, na Fundi Plagi, anayeitengeneza siku zote, amesafiri wiki nzima.

"Isipokuwa sawa mpaka Jumapili jioni," akasema, "itabidi nimpigie mwenzangu aende yeye. Na akishaishika ile njia, haitarudi tena kwangu."

Machozi yalikuwa yanamlengalenga. Mimi siwezi kumwona mke wangu hivyo. Na mama mkwe naye yupo pale kwenye kochi, anasikiliza, kitambaa chake kipya cha maua ya buluu mapajani. Mdomo ukanitangulia.

"Cheni tu? Nitaikaza mwenyewe."

Mke wangu akautazama mlango wa jikoni, ambao niliutengeneza mwaka juzi na tangu hapo haufunguki mpaka upigwe teke. Mama mkwe akakikunjua kitambaa chake, akakikunja tena.

"Hiyo si gauni, mkwe wangu," akasema kwa upole. "Hiyo inambeba mtoto wangu."

Nikahisi masikio yanawaka moto. Hapohapo nikampigia Fundi Plagi. Alicheka kwanza, akacheka tena, ndipo akanielekeza. Legeza nati kubwa ya gurudumu la nyuma. Kuna skrubu mbili za kulivuta gurudumu nyuma, moja kila upande, uzizungushe kidogo kidogo na kwa usawa, gurudumu lisije likaenda kombo. Kisha isukume cheni katikati kwa kidole, ipande na kushuka upana wa vidole viwili.

"Viwili," akasisitiza. "Umenisikia?"

Nilimsikia. Lakini vidole viwili! Mimi kwenye kiuno cha suruali siachi hata nusu kidole, leo niache viwili kwenye chuma? Nikaona huo ni uzembe wa mafundi wa pikipiki, ndiyo maana nguo zao zote zinawaning'inia.

Jumamosi asubuhi nikaipandisha pikipiki uani kwenye stendi kubwa, gurudumu la nyuma likabaki hewani. Nikaisugua cheni kwa mafuta ya taa na mswaki wa zamani. Jumapili asubuhi niligundua kwamba haukuwa wa zamani, ulikuwa wangu. Nati ilinitoa jasho. Spana iliteleza mara tatu, na mara ya tatu ngozi ya kidole ikabaki kwenye chuma, nikasema maneno ambayo mama mkwe, aliyekuwa dirishani, alijitia hakuyasikia. Lakini kwenye usawa ndugu zangu, hapo niliwaonyesha! Nilitoa chaki yangu na tepu yangu, nikapima kushoto, nikapima kulia, hakuna tofauti hata ya unywele. Fundi Plagi hajawahi kupima hivyo tangu azaliwe. Nikaiachia cheni nafasi ya kidole kimoja, nikakaza nati, nikaipangusa pikipiki mpaka inang'aa.

Mke wangu akaipanda. Hakufika hata kwenye kona. Tulisikia mlio mwembamba, nguuuu, ukienda, kisha nguuuu, ukirudi. Akazima, akashuka.

"Umeibana."

"Sijaibana. Imekaa."

"Inalia, mume wangu."

"Itazoea."

Akachomoa ufunguo. "Hivyohivyo ndivyo ulivyomwambia mama."

Nikanywea. Usiku mzima niligeuka kitandani kama chapati kwenye kikaango, na asubuhi, baada ya mkasa wa mswaki, mke wangu akaenda zamu bila kuniuliza kitu. Akirudi jioni, anampigia mwenzake simu. Nikatoka uani, nikaipandisha pikipiki kwenye stendi, nikaisukuma cheni. Inapanda, inashuka, haina neno. Nikaizungusha kwa mkono. Kimya kabisa. Jamani! Nilitamani kulipiga teke lile gurudumu.

Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni na kikombe chake cha chai.

"Unahangaika bure," akasema. "Hapo ilipo ina raha zake. Hata mimi siku ile nikiwa nimesimama sikuwa na shida. Shida ni kukaa."

Nilitaka kumjibu, tena jibu nilikuwa nalo. Lakini mkono wangu ulikuwa juu ya siti, nikaishia kuitazama ile siti. Nikamkumbuka Fundi Plagi. Kila akipima cheni anaishusha pikipiki kutoka kwenye stendi na kuikalia kwa tako moja, nami siku zote nimekuwa nikisema yule bwana mvivu sana. Nikaishusha. Magurudumu yote mawili chini. Nikaiegemea siti kwa nguvu zangu zote, na palepale nikaiona cheni inakakamaa. Mungu wangu! Nilikuwa nimempima mteja amesimama.

Ila huwezi kukaa juu halafu uwe chini unapima. Na nyumbani tulikuwa wawili tu.

"Mama."

"Sema, baba."

"Mama, samahani sana. Nakuomba kwa heshima zote... ukae kidogo juu ya pikipiki."

Akakiweka kikombe chini, taratibu. "Unautaka uzito wangu?"

Sasa hapo ungejibu nini wewe?

"Nautaka uwepo wako, mama."

"Uwepo wangu wa kilo ngapi?"

Mtu mwenye akili hajibu swali hilo. Mama mkwe akainuka, akajifunga kanga vizuri, akapanda kwenye kigoda, akanishika bega, akavusha mguu, na siti ikashuka ikitoa pumzi. Mkono mmoja akauegemeza ukutani. Jirani akachungulia juu ya ua.

"Mama, safari ya wapi tena?"

"Tunapima," akasema, uso mkavu.

Nikapiga magoti. Nikaisukuma cheni. Haikupanda hata nusu kidole, ilikuwa imekakamaa kama kamba ya kuanikia nguo zilizolowa. Cheni hii ndiyo ingempeleka mke wangu kule lami isikofika, kwenye mashimo, na sanduku nyuma yake. Ingekatikia huko. Nikainua macho nikamwona mama mkwe amesimamisha mgongo vilevile, mkono ukutani vilevile, na harusi yote ikanirudia. Niliona aibu, jamani, aibu ya kweli.

"Mama, siku ile ulisimama muda gani?"

"Masaa manne."

"Nisamehe, mama. Halikukukaa. Lilikubana."

Akajisogeza juu ya siti. Kisha akasema, "Legeza hiyo nati kwanza, siti hii inaniumiza."

Nikalegeza. Nikarudisha skrubu, kushoto na kulia, chaki na tepu, naye yuko juu anauliza kama kule chini mambo yanakwenda. Vidole viwili. Nikapima tena. Viwili kamili. Nikakaza nati.

"Na mwanangu na sanduku lake," akauliza, "wanafika uzito wangu?"

"Hawafiki, mama."

Neno lilishatoka. Nikaikumbatia spana nikisubiri radi. Mama mkwe akacheka mpaka pikipiki ikatikisika, nami nikacheka, na jirani naye, ambaye hakuwa na habari ya lolote, akacheka.

Jioni mke wangu alirudi, akavua viatu vya kazi, akachukua ufunguo. "Panda nyuma," akaniambia. "Umeitengeneza wewe, tuanguke wote." Nikapanda. Tulikwenda mpaka kona, tukapita kona, tukafika barabara kubwa, akaongeza mwendo, na chini yetu hapakulia kitu. Kurudi nyumbani simu aliiweka kwenye chaji na hakumpigia mtu.

Jumatatu alfajiri alifunga sanduku lake, akatuaga, akaondoka. Mimi nilisimama getini mpaka mlio wa injini ukaisha.

Nilipokaa kwenye cherehani, mama mkwe akatokea na kitambaa cha maua ya buluu kwapani, safari ya mtaa wa pili. Akanisalimia. Nikamwitikia, nikainamisha kichwa kwenye kazi yangu. Nikasikia hatua mbili, tatu, kisha zikasimama.

Nilipoinua uso, tepu nilikuwa nimeshaishika, hata sijui niliishika saa ngapi. Nikainuka haraka, nikamsubiri asimame wima nimpime.

Badala yake akarudi, akauvuta ule mlango wa jikoni, ukagoma, akaupiga teke, akaingia ndani, akatoka na kiti. Akakiweka mbele yangu na kukaa juu yake, akajitandaza vizuri.

"Haya," akasema. "Nipime hivihivi."