Kifaa cha Sita

Wenzake ofisini walimwita Nyaya, kwa kuwa hapakuwa na waya uliokatika humo ndani asiouunga yeye. Ofisi yao iliwatafutia maficho wanawake waliokimbia vipigo, na kwa miaka minane kompyuta zake tano zilikuwa zikiwasiliana zenyewe kwa zenyewe tu. Jalada la anwani za maficho lilikuwa wazi kwenye zote, bila neno la siri. Mkuu wao, mama mwenye huruma ya kupitiliza, alikuwa na msemo wake: "Humu ndani hatufichani." Sawa, lakini leo ofisi ilikuwa inaunganishwa na intaneti.

Na katika jalada hilo, mstari wa kumi na nne, alikuwamo dada yake wa tumbo moja.

"Mama, nipe hadi kesho," Nyaya aliomba. "Nifunge jalada kwanza, ndipo niwashe ruta."

"Kesho, kesho! Wafadhili wanataka barua pepe kabla ya saa sita. Washa, mwanangu, mengine baadaye."

Haraka haraka haina baraka. Kila mtu analijua hilo, na hakuna anayelikumbuka akisimamiwa kichwani. Nyaya alichomeka waya wa intaneti kwenye ruta, akachomeka na ule wa kompyuta, akawasha. Wi-Fi ikaanza kuruka hewani kwa jina la ofisi, wazi kabisa. Akajiambia ataiwekea neno la siri barua ikishaondoka. Taa zikawaka kijani, mkuu akapiga makofi.

Barua ilipoondoka, Nyaya alifungua ukurasa wa ruta unaoorodhesha vifaa vilivyounganishwa. Akahesabu sita. Akarudia kwa kidole, bado sita. Kompyuta ni tano, na simu za wafanyakazi huachwa kwa mlinzi kila asubuhi, zimezimwa.

Wiki nzima alikuwa ameota wezi wa mbali, watu asiowajua wa nchi asizozijua, na sasa wameingia! Akauchomoa waya wa intaneti kwa nguvu hata ruta ikaanguka mezani.

"Kuna nini?" mkuu aliuliza.

Alifungua ukurasa upya. Kifaa cha sita bado kilikuwapo.

Hapo ndipo hofu yenyewe ilipomshika. Huyu hakuja kwa intaneti. Alikuwa kwenye Wi-Fi, na Wi-Fi ile haivuki hata barabara. Akalisoma jina la simu: Bingwa.

Shemeji yake, mume aliyekimbiwa na dada, alijiita hivyo kila mahali. Kumbe alikuwa akimfuata yeye, Nyaya, hadi mlango wa kazini. Kwenye kompyuta, jalada lilionyesha limefunguliwa na simu hiyo dakika nne zilizopita.

Alikimbilia dirishani. Chini, mgongo ukutani, shemeji alikuwa ameinamia simu. Akainua uso, akamtazama Nyaya, akaitia simu mfukoni bila haraka yoyote. Akapanda pikipiki yake, akaondoka.

Maji yakimwagika hayazoleki. Hata hivyo Nyaya aling'oa waya wa umeme wa ruta, kisha akaidaka simu ya mezani.

"Dada, toka. Sasa hivi. Usichukue hata sahani."

"Amejua?"

"Amejua. Anakuja na pikipiki."

Dada hakupiga kelele. Alisikika akiwaita watoto wake, mmoja mmoja, kwa sauti ya kawaida, na hilo lilimtisha Nyaya zaidi.

"Nani kamwambia?"

Angeweza kumtaja mkuu. Angeweza kusema wezi.

"Mimi. Nimeacha wazi."

Upande wa pili vilisikika viatu vya watoto sakafuni, na mmoja akiuliza kama wanaondoka tena.

"Nije nikuchukue? Unakwenda wapi?"

"Usije, mdogo wangu," dada alisema, bila hasira. "Na huko niendako sitakwambia."

Simu ikakatwa.