Wateja Waaminifu wa Katangi

Jumanne saa nne asubuhi, Mbithe alikuwa uani kwake Katangi akipepeta ndengu zilizoingiwa na fukusi. Wesley akafika, mtathmini wa mashindano ya kampuni changa za teknolojia. Alitumwa kupima kama kampuni inayowatafutia wakulima wanunuzi wa ndengu kwa simu imefaulu.

Mbithe alikuwa mwandishi wa mwethya, kikundi cha akina mama wanaolimiana mashamba kwa zamu. Kampuni ilipoomba orodha ya wanachama, aliitoa ilivyo. Katika mwethya, jina la marehemu halikatwi hadi wenzake wamlimie zamu yake ya mwisho, na ukame ulikuwa umechelewesha zamu za marehemu kumi na mmoja. Kampuni ikatoa simu kwa kila jina. Zile za marehemu zikawekwa makaburini, kwa kuwa zilikuwa zao. Kila mwanachama akatia sahihi kwamba hatauza ndengu ila kupitia kampuni. Miezi mitano ikapita, mnunuzi hajaonekana.

Wesley aliomba kuwaona wateja. Walio hai walikuja kwanza. Marehemu walitokea nyuma ya zizi, wakajipangusa udongo, wakaketi kivulini na kupewa chai. Wesley aliwauliza wanafungua programu ya kampuni kwenye simu mara ngapi.

"Kila asubuhi," alisema Mwelu, aliyezikwa mwaka juzi. "Sina kazi ingine."

Wesley akaandika, akafurahi. Mbithe akainua ungo wake.

"Mimi niko na magunia tisa," alisema. "Tatu imekuwa unga. Hakuna mtu amenunua hata kikombe. Andika hiyo."

"Hapa hakuna mahali pa kuandika hiyo, mama. Wanataka tu kujua ni wangapi wanafungua."

Mbithe alitamani kumpiga na ungo. Kipimo gani hicho cha kipumbavu, kinachohesabu vidole na kuruka magunia?

Kampuni ilishinda. Kwenye hafla mjini Machakos ilisifiwa kwa wateja wasiohama wala kulalamika.

Wiki iliyofuata, afisa wa kampuni alikuja na katoni ya simu mpya. Mbithe alimzuia langoni, akamuuliza mnunuzi yuko wapi. Afisa akajibu kwa upole kwamba bado anatafutwa, kwa sasa wanaongeza idadi ya wateja. Kisha akaomba aonyeshwe makaburi ya zamani.

Mbithe alikataa katakata. Afisa akamshukuru, akashuka bondeni na katoni yake, kwa kuwa misalaba inaonekana wazi kutoka barabarani.