Baridi ya Agosti

"Nikisema uongo, ndoo juu yangu!"

Ndivyo Mzee Sadock alivyoanza siku zote, kiganja juu kama shahidi mahakamani, na kilabu kizima cha Mama Lidia kikanyamaza. "Naapa kwa kaburi la mama yangu pale Mahongole, haya ni kweli tupu. Chumvi haimo hata chembe."

Ndoo ilikuwa sheria ya kilabu. Anayekamatwa na uongo ananunua ndoo nzima ya ulanzi, pombe ya mianzi, wenzake wanakunywa, yeye anakaa na kopo lake limefunikwa. Miaka yote tangu astaafu reli hapo Makambako, Mzee Sadock hakuwahi kununua ndoo. Si kwamba hakuongopa. Uongo wake aliupeleka mbali mno, ambako mnywaji yeyote asingeweza kwenda kuuhakiki.

Aliupeleka Chekoslovakia.

"Mwaka wa sitini na nane, nasoma uhandisi Praha. Nchi nzuri, watu wapole, ila jirani yao sasa! Yule mkubwa wa Moscow aliwashika kama unavyomshika kuku kwa mabawa. Kuku anapumua, anaona, lakini haendi popote. Waziri wao akitaka kupiga chafya, kwanza anapiga simu Moscow. Siku hiyo nimo koridoni wizarani nasubiri posho, simu inalia, hakuna mtu. Nikaipokea. 'Nani wewe?' Sauti kama radi. 'Sadock wa Mahongole.' 'Mahongole iko upande gani, wetu au wa Wamarekani?' Nikamwambia, 'Mkubwa, Wamarekani wametuahidi lami, Wachina wametuahidi reli, na mama zetu wanajiandaa kuwauzia wote mahindi ya kuchoma.' Akakata simu. Wiki haikuisha, akatuma vifaru!"

Hapo kilabu kilipasuka. Stanley, dereva mstaafu wa malori, alijipiga paja. "Kumbe vita uliileta wewe, Mzee Praha!"

"Mimi tena! Na Wamarekani je? Walichungulia dirishani, wakafunga pazia. Wakubwa hawagombanii nyumba ya mdogo, wanagombania uzio."

Kisha aliligusa koti lake zito la kijeshi, lenye vifungo vya shaba, akasema alilipata hukohuko, asubuhi ya vifaru.

Mjukuu wake Eveline, mwalimu wa jiografia kwenye sekondari moja ya Njombe, alimrekodi kwa simu, akaweka maneno ya Kiingereza chini ya picha, akaitupa mtandaoni. Alimpenda babu yake, na alimwamini.

Mwezi Machi, mvua zikiwa zimekolea, Eveline alipanda basi akaja Makambako.

"Babu, kuna bibi anakuja kukuona."

"Bibi gani tena? Mimi na kuoa tulishaagana."

"Anatoka Praha."

Mzee Sadock akakohoa. Akajishika paji la uso. "Mjukuu wangu, nahisi malaria."

"Malaria na baridi hii? Babu, sikiliza. Anaitwa Hana. Kaka yake, Mirek, alikuwa anasoma uhandisi mwaka huohuo. Siku vifaru vilipoingia alitoka nyumbani, akarudishwa maiti. Wenzake waliogopa, hakuna aliyewaambia ndugu zake alikufaje. Sasa amezeeka. Ameiona video yako. Anataka tu mtu mmoja aliyekuwapo."

Neno lilimfika Mzee Sadock mdomoni. Lakini Eveline alikuwa amemshika mkono, akimtazama kama mtu anayetazama mlima wa kwao. Neno likarudi lilikotoka.

"Mlete kilabuni," alisema. Nyumbani, wakiwa watatu tu, asingeweza. Uongo wake ulitaka watu, kama moto unavyotaka upepo.

Bibi Hana alikuwa mwembamba, nywele nyeupe zimekatwa fupi, amechoka kwa safari. Mama Lidia alimpangusia kiti kizuri kuliko vyote. Mgeni akatoa picha mkobani, akaishika kwa mikono miwili: kijana mwenye masikio makubwa, anacheka. Alisema kwa Kiingereza, Eveline akageuza kwa Kiswahili.

"Anauliza, Babu. Ulimfahamu?"

Kusema "hapana" kungekuwa kazi ya pumzi moja. Mzee Sadock aliitazama picha, akamtazama yule bibi aliyevuka bahari kwa ajili ya jambo alilolisikia kwake, akaona aibu kumrudisha mikono mitupu. Maisha yake yote aliwapa watu kitu. Huyu naye angekosaje?

"Mirek!" alisema. "Mirek wa masikio! Nilimfahamu, mama, kama ndugu yangu."

Eveline akatafsiri. Bibi Hana akafunika mdomo.

Basi Mzee Sadock akaanza, na kwa mara ya kwanza hakusimulia ili watu wacheke. Alisema walikutana njiani alfajiri, wakatembea bega kwa bega. Vifaru vimejipanga barabarani, watu wanawauliza askari, mmefuata nini kwetu? Askari wenyewe vijana, hawajui. Mirek alisimama mbele bila hata jiwe mkononi. Risasi ilimpata hapa, kifuani, mara moja, hakuteseka. Eveline alitafsiri huku machozi yakimtiririka. Hata Stanley aliliweka kopo chini.

"Na kabla ya hapo," Mzee Sadock aliendelea, kwa kuwa hakujua kuacha mahali pa kuachia, "aliniona natetemeka. Baridi ya asubuhi ile! Theluji mpaka magotini, Agosti hiyo. Mimi sina kitu. Akavua koti lake, hili hapa, akanivika. Akasema, nikifa mwambie dada yangu sikuogopa."

Eveline alifungua mdomo kutafsiri, akaufunga.

"Umesema Agosti, Babu?"

"Agosti si ndiyo yenyewe?" Stanley alidakia. "Hapa kwetu Agosti hata mbuzi anaomba sweta!"

"Hapa kwetu," alisema Eveline polepole. "Kwao Agosti ni joto. Nawafundisha watoto kila mwaka."

Bibi Hana aliuliza kuna nini. Eveline akatafsiri yote, theluji na koti. Yule bibi hakupandisha sauti. Alisema asubuhi ile yeye mwenyewe alimpigia kaka yake pasi shati la mikono mifupi. Jeupe. Ndilo alilorudi nalo.

Mvua ilisikika juu ya bati.

"Babu," alisema Eveline, "ulikuwapo?"

"Sikuwapo. Mimi mwisho wangu wa dunia ni Kapiri Mposhi, kule Zambia, na nilifika kwa kazi ya reli." Alivishika vifungo vya koti. "Aliyesoma Praha ni Yonathani wa Wanging'ombe. Tulifanya naye kazi zamu moja. Ndiye aliyeniambia mambo ya simu za Moscow, na vifaru, na askari wasiojua. Alikuwa na rafiki, akapigwa risasi karibu yake. Kila alipofika hapo sauti ilikatika, na mimi namwambia, bwana wee, achana na ya msiba, turudie ya simu."

Eveline alitafsiri bila kumtazama. Bibi Hana akauliza kitu kifupi.

"Anauliza, huyo rafiki, alimtaja jina?"

"Alimtaja. Mara nyingi."

"Lilikuwa Mirek?"

Mzee Sadock alifumba macho. Alitafuta. Alimwona Yonathani kwenye benchi la stesheni, amekunja mikono, midomo inatembea. Jina linatoka, linapita. Alichokisikia ni simu tu, ikilia kwenye korido ambayo hakuwahi kuikanyaga.

"Sijui," alisema. "Nilikuwa nasubiri ya kuchekesha."

"Na Yonathani yuko wapi?"

"Tulimzika mwaka juzi. Mjane wake yupo, Oktavia."

Bibi Hana alirudisha picha mkobani taratibu. Akasema angependa kwenda kwa huyo mjane, huenda naye alilisikia hilo jina, huenda yeye alikuwa msikilizaji.

"Niwasindikize," Mzee Sadock aliomba.

"Utakuja, Babu," alisema Eveline. "Bibi Oktavia utamwambia mwenyewe ulichoyafanyia maneno ya mume wake."

Mzee Sadock akainuka. "Mama Lidia, lete ndoo."

"Leo hatudai, Sadock," alisema Stanley. Jina la Mzee Praha hakulitaja tena.

"Sheria ni sheria."

Pensheni ilikuwa bado. Alivua koti, akalikunja na vifungo vyake vya shaba, akaliweka mbele ya Mama Lidia. "Nililinunua mnadani, mitumba. Zuri bado."

Ndoo ikaja, povu juu. Kopo la kwanza akapewa Bibi Hana. Alionja, akakunja uso kidogo, akanywa tena. Wengine wakafuata, kimyakimya, kama wanaokunywa msibani.

Mzee Sadock alilifunika kopo lake mezani, akaketi na shati la mikono mifupi, baridi ikimwingia.