Mstari wa Tatu

Nyumba zetu pale Nalufenya zimetengwa na ukuta wa tofali moja, na fundi aliyeujenga alikuwa na haraka zake. Jirani akipiga chafya, mimi ndiye ninayemwambia pole. Kwa hiyo Afande Geresom alipoanza kujifunza gitaa mwezi wa pili, hakuna aliyeniuliza kama nilitaka kujifunza pamoja naye.

Geresom ni askari magereza hapa Jinja, mtu wa miaka arobaini na minne, mnene wa shingo, mchache wa maneno. Mke wake anafundisha shule Soroti na huja mwisho wa mwezi. Mimi nauza mihogo ya kukaanga kando ya barabara na nafunga saa tisa mchana, saa ile ile anayorudi yeye kutoka zamu. Zamani nilikuwa nalala kidogo wakati huo, hata mume wangu marehemu alijua kutonisumbua. Usingizi huo niliuaga.

Gitaa lilitoka Mbale, kwa baba yake. Mzee Yekosofati alikuwa sajini wa magereza, mkufunzi wa gwaride, na kwa miaka thelathini kila Jumapili jioni alikaa mlangoni pa nyumba yake ya kambini akapiga wimbo mmoja alioutunga mwenyewe kwa ajili ya mkewe. Hauna maneno. Una mistari minne tu. Sasa mke amefariki, vidole vya mzee vimekakamaa kwa baridi yabisi, na mwanzoni mwa mwaka sikio lake la kushoto likafa kabisa. Daktari akasema la kulia nalo halitafika Krismasi. Hapo mzee akamwita mwanawe, akamkabidhi gitaa, akamwambia anataka kuusikia ule wimbo mara moja tu, mzima, kutoka mkono mwingine, kabla sikio halijafunga.

Geresom alikuwa hajawahi kushika gitaa. Utotoni alikatazwa kuligusa, akiambiwa mikono yake itaharibu nyuzi. Lakini wimbo wenyewe alikuwa nao kichwani, na hakukuwa na mtu mwingine aliyekuwa nao.

Akatafuta mwalimu. Akampata Wahab, fundi wa simu pale sokoni, ambaye ujana wake wote alipiga gitaa kwenye harusi kuanzia Budondo mpaka Iganga. Geresom alimpigia wimbo kwa mluzi, Wahab akautafuta kwenye nyuzi, akaupata kwa Jumamosi mbili. Baada ya hapo kazi ilikuwa ya vidole vya afande.

Mwezi wa kwanza wa mafunzo ulikuwa wa maumivu. Mtu aliyefungua na kufunga makufuli miaka ishirini ungedhani ana vidole vya chuma, kumbe ncha zake ni laini kama za mtoto wa kike. Alikuja kununua mihogo akashindwa kuishika, akaomba nimfungie kwenye karatasi. Mwezi uliofuata ngozi ikaota sugu, na tabu ikahamia kwenye kubadilisha mkao wa vidole. Wahab alimwonyesha mkao mmoja, anaupata; wa pili, anaupata; lakini kutoka huu kwenda ule alihitaji muda wa kutosha mimi kuosha sufuria.

Kisha ikaja ile F, jina la mkao mmoja wa vidole. Iko katika mstari wa tatu. Kidole cha shahada kinalala juu ya nyuzi zote sita na kuzikandamiza kwa pamoja, na vingine vitatu vinafanya kazi yao huku hicho hakinyanyuki. Kwa Geresom nyuzi mbili zilikataa kulia na moja ilivuma kama nzi aliyenaswa dirishani. Mimi kidole hicho nakijua kwa kazi ya sala, na hiyo peke yake naiona kubwa. Nilimwonea huruma, na saa hiyo hiyo nilimchukia.

Lakini nilikuja kugundua kwamba shida yake haikuwa F. Shida ilikuwa kwamba kila akikosea alirudi mwanzo. Si mwanzo wa mstari, hapana, mwanzo wa wimbo. Alipiga mstari wa kwanza, wa pili, akaingia wa tatu, ikavuma, akanyamaza, akaanza upya. Mpaka mwezi wa sita mstari wa kwanza nilikuwa nimeusikia mara nyingi kuliko adhana. Niliuimba nikimenya mihogo. Wa nne sikuwa nimeusikia hata mara moja.

Siku moja nilimuuliza kwa nini anajitesa hivyo, na kwa nini ananitesa mimi. Akaeleza bila kukasirika. Kwenye gwaride, kuruta mmoja akikosea hatua, kikosi kizima kinarudi mwanzo. Baba yake ndiye aliyewafundisha kuruta wa mwaka alioingia yeye Geresom, na nyumbani ilikuwa vivyo hivyo: ukikosea hesabu ya saba mara nane unarudi kwenye moja, ukisahau kona moja ya uwanja unafagia wote. Alisema haya kama mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni.

Wahab naye aliliona. Jumamosi moja niliwasikia waziwazi ukutani.

“Afande, wewe ukikosa hapana rudi. Enda mbele tu.”

“Hiyo ni kuficha kosa,” Geresom akasema.

“Hapana ficha. Kosa imeshapita, afande. Utaikamata na nini?”

Wahab alipoondoka Geresom alirudi mwanzo kama kawaida yake, na mimi nikaenda kukaa kwa jirani wa upande wa pili.

Mwezi wa nane, katikati ya wiki, Ketty alipiga simu kutoka Mbale. Ketty ni dada yake mdogo, ndiye anayekaa na mzee. Alisema kwa kifupi kwamba Geresom aje Jumapili hiyo, asingoje. Geresom akaja mlangoni kwangu. Alijua nilikuwa na safari ya Nakaloke kumwona kaka yangu Siraj, na nyumba ya mzee iko njia hiyo hiyo. Akaniomba nipitie pamoja naye. Alisema mkono ukitetemeka, ni afadhali awepo mtu aliyekwisha kumsikia akishindwa. Sijawahi kuombwa msaada kwa maneno kama hayo, nikakubali.

Tulifika saa nne asubuhi. Mzee Yekosofati alikuwa amekaa sebuleni kwenye kiti cha mbao, amenyoa, amevaa koti, viatu vinang'aa. Alinipokea kwa heshima, akasema karibu sana mama, lakini nilipomuuliza habari za afya alinitazama midomo na kujibu jambo jingine. Ketty akanivuta jikoni tukatazame chai.

Huko ndiko alikoniambia. Sikio la kulia lilikuwa limekwisha Jumapili mbili zilizopita. Mzee aliamka akadhani kuku wote wameibwa. Alilia siku hiyo, Ketty alisema, kisha akaamuru Geresom asiambiwe. Kijana ameshafanya kazi miezi sita, alisema mzee, aje amalize kazi yake. Nilichukua trei ya chai.

Tuliporudi sebuleni Geresom alikuwa anakaza nyuzi, gitaa limeegemea goti, karibu kabisa na sikio la baba yake. Aligonga uzi mmoja, akaulegeza kidogo, akaugonga tena, akamtazama mzee, kisha akaukaza. Mzee alitikisa kichwa kuonyesha aanze. Nilikaa karibu na mlango, nikamwomba Mungu kwa dini yangu.

Akaanza. Mstari wa kwanza ulitoka safi, na ungeachaje? Mzee alikuwa anaukazia macho mkono wa mwanawe, na kisigino cha kiatu chake kikaanza kugonga sakafu, taratibu, sawasawa na wimbo. Mstari wa pili ukapita. Ukaja wa tatu, kidole cha shahada kikalala, ikavuma.

Geresom akanyamaza. Namjua jamaa huyu kupitia ukuta, nilijua kinachofuata. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umekwisha kusogea kwenda kwenye mkao wa mwanzo. Ketty alifumba macho.

Kisigino hakikunyamaza. Mzee alikuwa ameinua macho juu, anatazama picha ya mkewe ukutani, na mguu wake ulikuwa unaendelea na mstari wa tatu peke yake, ndani ya chumba kisicho na sauti nyingine. Geresom akautazama ule mguu. Nadhani ulipiga mara nne, au tano. Kisha akalaza tena kidole, akaingia pale pale mguu ulipokuwa umefika, vibaya, nyuzi mbili zimekufa, na hakusimama.

Hivyo ndivyo nilivyousikia mstari wa nne. Ni mfupi. Unashuka polepole, unapumzika mahali ambapo hukutarajia, basi umekwisha. Nililia mbele yao, na sikujifuta.

Mzee aliuona mkono umelala juu ya gitaa. “Umemaliza?”

Geresom akasimama wima, mikono ubavuni. “Nimemaliza, afande.”

Mzee akamsoma midomo, akafikiri kidogo. “Mimi sikusikia kosa hata moja,” akasema, na akaomba chai.

Mchana Geresom alinisindikiza barabarani kungoja taksi ya Nakaloke. Nilikuwa nimeamua kutosema neno. Ketty ameficha, mzee ameficha, mimi ni nani? Tukasimama kivulini mwa duka moja lililofungwa, akawa anakwaruza sugu ya kidole chake kwa kucha.

“Mama Shakul, ile sikio yake imekufa,” akasema.

Nikamuuliza nani amemwambia. Akasema hakuna. Wakati anakaza nyuzi aliulegeza mmoja makusudi, ukalia vibaya kabisa, karibu na kichwa cha mtu ambaye angetoka hata msalani kuja kukaripia uzi uliolegea. Mzee hakupepesa jicho.

“Basi kwa nini hukurudi mwanzo?” nikamuuliza. “Ungeanza hata mara kumi, asingejua.”

Aliacha kukwaruza kidole.

“Yeye alikuwa iko mbele tayari,” akasema. “Na hapana sikia kitu. Sasa mimi nirudi, nimuache aende peke yake?”

Taksi ikaja, nikapanda.

Siku hizi saa tisa naupata wimbo wote. F bado inavuma, afande bado anakosea, ila harudi nyuma. Mimi najilaza kitandani, nangoja mstari wa nne, kisha ndiyo nalala.