Umeme Usiojua Masale

Yuditha hakutulia tangu Shedrack, mumewe, alipofukia waya wa shaba kuzunguka nyumba yao ya Machame. Waya ameuunga na betri ya gari na mtambo wa kujitengenezea, na taa isiyo na waya hata mmoja inawaka popote unapoibeba. Jamani, hadi bandani kwa ng'ombe! Moshi wa koroboi ukawa hadithi. Shedrack akatembea kifua mbele utadhani jua kalitengeneza yeye.

Ila taa ikiwaka tu, redio ya jirani yao, Mzee Eliona, ng'ambo ya ua wa mimea ya masale, inanguruma vuuu.

"Baba Brenda, umeme wako unavuka mpaka," Yuditha alisema.

"Redio yake mbovu. Anunue nyingine."

Haya! Masale ndiyo mpaka tangu enzi za mababu, na mtu hapiti bila hodi. Umeme wa hewani ungepiga hodi wapi?

Siku moja mzee alikuja mwenyewe. Walipomwamkia shikamoo, akaomba kwa upole wazime taa saa ya matangazo ya vifo redioni tu. "Dada yangu Veronika anaumwa, yuko Tanga."

Shedrack akaitikia, kisha akasahau, maana watu wa kuja kushangaa taa hawakuisha. Kila jioni mkono wa Yuditha ulikwenda kwenye swichi, ukarudi. Azime mbele ya wageni, mumewe auweke wapi uso?

Jumapili, ibada ilipokwisha, mgeni kutoka Tanga alimkuta Mzee Eliona mlangoni pa kanisa.

"Pole, mzee. Mbona hukuja kumzika Veronika? Tulitangaza redioni, tukakungoja."

Yuditha alisikia yote. Alirudi nyumbani mbio, akachuma jani la isale pale uani, akamshikisha mumewe.

"Nenda kaombe msamaha, kabla sijaung'oa huo waya kwa meno!"

Isale la kuombea msamaha halikataliwi, ndiyo mila. Mzee Eliona alilipokea kwa mikono miwili.

"Nimekusamehe, mwanangu. Ila dada yangu nitamuaga wapi?"

Shedrack akarudi nyumbani, akauchomoa waya kwenye betri.

Jioni hiyo waliwasha koroboi. Ng'ambo ya ua redio ilisikika safi, sauti juu kabisa, ikisoma majina ya marehemu. Mzee Eliona aliyasikiliza yote, mpaka la mwisho, na Yuditha akalia kwa uchungu.